Masomo Yaliyokataliwa Ng'ambo ya Mto

Delphia Sizemore alipika chakula cha shule ya msingi ya Caney Gap kwa miaka mingi kabla hajathubutu kusema kwa sauti kwamba anataka kuwa mwalimu. Alimwambia kwanza mumewe, Burl, Jumapili moja wakitoka kanisani, na alilisema jambo lenyewe harakaharaka, kama mtu anayejichomoa mwiba. Burl alikuwa dereva wa malori ya makaa ya mawe, mtu asiyepoteza maneno. Aliendesha hadi walipovuka daraja la kijito, ndipo akasema, "Basi soma. Nani kakukataza?"

Hakuna aliyemkataza. Ila katika mabonde yale ya Kentucky, mwanamke aliyekwisha kupita thelathini, mwenye mume na mtoto, hakuwa akirudi darasani. Watu wangemcheka, tena wangemcheka kwa upole, na huko ndiko kuchekwa kunakouma zaidi.

Aliyempa moyo ni mkuu wa shule, Bwana Estep. Siku moja ya mvua kubwa mwalimu wa darasa la kwanza aliugua ghafla, na Delphia akatoka jikoni na aproni yake, akakaa na watoto hadi saa ya kurudi nyumbani. Bwana Estep alipopita mlangoni alikuta watoto wametulia tuli, wanasomewa hadithi ya dubu. Baadaye alimwita kando. Alimwambia kwamba Bi Combs, mwalimu wa darasa hilo, angestaafu baada ya miaka michache, na kwamba kama Delphia angekuwa amepata shahada yake kufikia wakati huo, darasa lingekuwa lake. "Watoto hawa unawajua hata kwa njaa zao," alisema. "Mimi nikitangaza nafasi, nitaletewa mtu wa mjini atakayekaa mwaka mmoja akimbie."

Basi Delphia akajiandikisha katika chuo cha miaka miwili kilichokuwa katika mji wa wilaya. Mchana alipika, jioni alisoma. Kabla ya kufundishwa kufundisha, ilimpasa apite kwanza katika masomo ya jumla ambayo kila mwanafunzi hupitia: Kiingereza, hesabu, biolojia, historia, kuzungumza mbele ya hadhira. Kila somo lilikuwa na krediti zake, yaani pointi anazohesabiwa mwanafunzi akifaulu, naye alizirundika krediti hizo moja baada ya nyingine, kama watu wa kwao wanavyorundika kuni za msimu wa baridi. Akizitimiza angepata stashahada, kisha angehamia chuo kikuu kumalizia miaka miwili ya shahada.

Mshauri wake wa masomo, Bi Imogene Strunk, alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, binti wa mkulima. Alimweleza Delphia mambo ya vyuo kwa lugha ya shambani. "Stashahada ni gunia lililoshonwa mdomo," alimwambia. "Chuo kikuu kinalipokea zima, hakilifungui. Lakini ukienda na gunia wazi, watalimwaga sakafuni wachambue punje moja moja. Usiondoke hapa bila kushona gunia lako."

Delphia alicheka, akasema amesikia.

Katika masomo yote, lile lililomtisha zaidi lilikuwa la kuzungumza mbele ya hadhira. Muhula ulipokaribia kwisha, mwalimu aliwataka wanafunzi waalike jamaa zao waje kusikiliza hotuba ya mwisho. Burl alikuwa na zamu siku hiyo. Aliyekuja ni mama yake Burl, Bi Orlena, akiwa amemshika mkono Leatha, mjukuu wake wa miaka tisa, na wakakaa viti vya nyuma kabisa.

Delphia alizungumza juu ya marehemu baba yake, Hobart, aliyechimba makaa tangu ujana hadi vumbi lilipomjaa mapafuni. Alieleza jinsi mzee yule alivyolala ameketi kitini miaka yake ya mwisho, kwa kuwa akijinyoosha kitandani alizama ndani ya kifua chake mwenyewe. Alieleza alivyokuwa akisimama katikati ya ngazi za baraza na kujifanya anatazama mawingu, ili watu wasijue kwamba pumzi zimemwishia. Hakutazama karatasi hata mara moja. Alipomaliza, mwalimu akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa.

Delphia alitoka pale akihisi kana kwamba amemzika baba yake upya, safari hii kwa heshima inayomstahili.

Sasa, Bi Orlena naye alikuwa mjane wa mgodi. Mumewe aliangukiwa na paa la shimo Burl akiwa bado ananyonya, na tangu siku ile Orlena hakuwahi kulitaja jambo hilo mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya Burl. Walipofika garini, Leatha akiwa amesinzia, alisema bila kumgeukia mkwewe: "Umemwanika babako kama nguo kwenye kamba. Kwa ajili ya alama."

Delphia aliwasha gari. Alijua akifungua kinywa yatatoka mambo yasiyorudishika. Lakini maneno yale yalimkaa moyoni, na kuanzia siku hiyo akawa anamwita mama mkwe wake kwa adabu zote, anamtumia sahani ya chakula kila Jumapili, ila hakuingia tena nyumbani kwake kuketi.

Mwaka uliofuata mgodi ukafungwa. Malori yaliegeshwa kwa safu na hayakuwashwa tena. Burl alihangaika kiangazi chote, hadi binamu yake mmoja akamwita ng'ambo ya Mto Ohio, jimbo jingine, katika mji wa Wendover, ambako palikuwa na kiwanda cha viti vya magari. Akaenda peke yake wakati majani yakipukutika. Alikodi nyumba ndogo yenye uwanja wa nyuma, akaanza kupiga simu kila jioni, na kila jioni sauti yake ilikuwa nzito zaidi. Alisema nyumba inamtisha kwa ukimya. Aliomba mkewe na mtoto wawe naye kabla ya mwaka mpya.

Delphia alikuwa amebakiza masomo mawili tu. Muhula mmoja, basi, kuanzia Januari hadi Mei, na gunia lingeshonwa. Tatizo ni kwamba nyumba waliyokuwa wakiishi Caney Gap ilikuwa ya kupanga, na hawakuwa na uwezo wa kushika nyumba mbili.

Hapo ndipo Bi Orlena alipokuja. Alikuja kwa miguu kwenye theluji nyembamba, akasimama mlangoni bila kukaribia moto. Alisema chumba cha zamani cha Burl kiko tupu. Alisema Delphia na Leatha wanaweza kukaa humo hadi Mei, na jioni yeye atamwangalia mtoto. "Umalize ulichokianza," alisema.

Delphia aliendelea kufunga vyombo kwenye magazeti. Aliwaza miezi ile yote mbele ya macho ya yule mama, akitoka na vitabu na kurudi na vitabu, kila alama atakayopata ikipimwa kwa kipimo cha siku ile garini. "Asante, Mama," alisema. "Mahali pa mke ni kwa mumewe."

Orlena alimtazama kidogo, akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akaondoka.

Burl hakuambiwa habari hiyo. Delphia hakupanga kumficha. Alijiambia tu kwamba hakuna haja ya kumtia mtu kati ya mkewe na mama yake. Alipoulizwa kwa simu kama kuna njia yoyote ya kubaki amalizie masomo, alisema hakuna.

Bi Strunk alipopata habari alimfuata hadi kwenye maegesho ya magari, bila koti. Alimwambia tena habari za gunia. Masomo yale mawili hufundishwa darasani tu, alisema, wala hayawezi kusomwa kutoka mbali, na ukishaandikishwa chuo kikuu bila stashahada, mlango ule wa kupokelewa kwa jumla hufungwa, haufunguliwi tena. Delphia alimshika mikono, akamwambia asiwe na wasiwasi. "Kiingereza cha huku si ndicho cha kule, Bi Strunk? Mto tu ndio unaotutenga."

Wakahama siku mbili kabla ya Krismasi.

Ng'ambo ya mto watu walikuwa wema kwa jinsi yao, ingawa kila Delphia alipofungua kinywa dukani mtu alitabasamu na kumuuliza ametoka mlima gani. Alijiandikisha chuo kikuu cha karibu. Mwezi wa pili aliitwa ofisini kwa Bi Marchetti, binti kijana mwenye pete karibu kila kidole, aliyekuwa akishughulikia wanafunzi wanaohamia. Alimkaribisha kiti, akamgeuzia kioo cha kompyuta ili waone pamoja.

"Habari njema ni kwamba krediti zako zote zimepokelewa," alisema.

Delphia alishusha pumzi ndefu.

"Isipokuwa nyingi zimepokelewa kama masomo ya hiari. Haziwezi kuziba nafasi za masomo ya lazima."

"Maana yake nini, dada?"

"Maana yake zipo, lakini masomo yenyewe utayarudia."

Delphia alidhani amesikia vibaya. Alisema biolojia amesoma. Bi Marchetti alijibu kwa upole kwamba biolojia yao ina saa za maabara, na ya chuo alichotoka haionyeshi maabara.

"Tulipasua vyura," Delphia alisema. "Nilinuka dawa wiki nzima, mume wangu akanihamishia kochini."

"Haikuandikwa."

Historia aliyosoma ilikuwa ya Kentucky. Wao walitaka ya Marekani. Delphia akauliza Kentucky iko nchi gani, na Bi Marchetti akacheka kidogo, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Hesabu ilikuwa na jina jingine. Na somo la kuzungumza mbele ya hadhira, huku walidai hotuba nne, kule zilikuwa tatu.

"Moja kati ya zile tatu," Delphia alisema, halafu akashindwa kuendelea.

Bi Marchetti alisubiri. Kisha akasema, kama mtu anayeomba radhi kwa kosa la mwingine, kwamba laiti angekuja na stashahada, yote haya yasingeulizwa. "Tungeweka alama moja tu hapa, tukakuingiza mwaka wa tatu."

"Nilibakiza masomo mawili."

"Naona," binti alisema. "Pole sana."

Pole ile ilimuuma Delphia kuliko ukali. Angefokewa, angepata mtu wa kumchukia. Alitoka akaketi kwenye benchi la baridi karibu na maegesho, vijana wakimpita na vikombe vyao vya kahawa, na kwa mara ya kwanza akakiona wazi chumba kile alichokataa: kitanda cha chuma, pazia la maua, Leatha akifanya kazi za shule kwenye meza ya bibi yake.

Jioni hiyo alimweleza Burl yote, isipokuwa hilo. Burl alisikiliza ameinamisha kichwa. Alisema, "Ni mimi niliyekuharakisha." Alisema angeweza kuvumilia, ila yeye, mwanamume mzima, akaogopa nyumba tupu. Delphia alimshika bega. Neno lilimfika mdomoni, akalimeza. Akamwambia yaliyopita yamepita.

Palikuwa na njia ya kukata rufaa. Ilitakiwa kuleta muhtasari wa kila somo, unaoonyesha kilichofundishwa wiki kwa wiki. Delphia alipiga simu chuoni kwake mara nyingi na kuzungushwa. Bi Strunk alikuwa amestaafu mwezi uleule. Burl akamtajia mama yake shida hiyo, bila mkewe kujua.

Habari za yaliyofuata Delphia alizipata baadaye kwa simu kutoka kwa Bi Strunk, aliyezisikia mjini. Bi Orlena, ambaye hata benki alikuwa akiingia kwa shingo upande, alivaa gauni lake la mazishi akaenda chuoni. Aliambiwa mhusika hayupo. Akaketi kwenye ukumbi na mkoba mapajani. Aliambiwa arudi wiki ijayo. Akasema hana haraka, wiki ijayo itamkuta hapohapo. Alikuja kesho yake na keshokutwa, na mkate wa mahindi ndani ya kitambaa, akiwagawia makarani, hadi mmoja wao kwa aibu akaingia stoo kupekua makabati. Muhtasari wa biolojia ulipatikana, na wa hesabu, na wa Kiingereza. Wa somo la kuzungumza haukupatikana. Mwalimu yule alikuwa amehamia kwingine, na makaratasi yake yalitupwa.

Bahasha ilifika Wendover ikiwa ndani ya kifurushi pamoja na chupa ya siagi ya matofaa, ile jemu nzito ya kwao. Delphia alimpigia simu mama mkwe wake.

"Mzigo umefika," alisema. "Asante, Mama."

"Vizuri," alisema Orlena.

Kila mmoja alisubiri mwenzake aongeze neno. Kisha Orlena akasema ana chungu jikoni, wakaagana.

Kamati ya rufaa ilikubali somo moja la Kiingereza. Mengine iliyakataa kwa sentensi fupi za heshima.

Basi Delphia akarudia. Alipasua vyura wengine. Alijifunza tena kanuni za hesabu alizokuwa akiwafundisha wenzake kule kwao. Asubuhi alifanya kazi jikoni katika nyumba ya wazee, mchana akaketi katikati ya vijana wa miaka kumi na minane waliomwita "mama" na kumwazima kalamu. Wengi walikuwa watoto wazuri. Mmoja aliiga matamshi yake ya milimani kila alipojibu swali, na darasa likacheka. Delphia naye alicheka nao, kisha akapunguza kujibu.

Ilipofika hotuba ya mwisho katika somo la kuzungumza, aliamua kusema tena habari za baba yake. Aliyajua maneno yote. Alisimama mbele yao, akaona nyuso changa zikimsubiri, simu mapajani, na mwalimu na kalamu yake juu ya karatasi ya maksi. Akamwona Hobart amesimama katikati ya ngazi, akitazama mawingu. Safari hii sauti ya Orlena ikamjia kutoka garini, na akahisi kwamba mara ya kwanza maneno yale hayakuwa ya kweli, lakini leo ni kweli: leo angekuwa anamwanika baba yake kwa ajili ya alama. Akakaa kimya hadi watu wakaanza kutazamana. Kisha akazungumza juu ya namna ya kukausha maharage mabichi kwa kuyatunga kwenye uzi. Alipata alama ya kati. Mwalimu aliandika kwamba aangalie matamshi.

Katika majira yale Bwana Estep alipiga simu. Bi Combs alikuwa amestaafu. Alimuuliza Delphia amefikia wapi.

"Bado miaka miwili na kidogo, Mwalimu."

"Nilidhani kufikia sasa ungekuwa unamaliza."

"Hata mimi."

Bwana Estep alikuwa mtu wa kushika neno. Aliweka mwalimu wa muda, akasema atavuta siku. Alivuta karibu miaka miwili. Lakini watu walizidi kuhama bonde lile mgodi ulipokwisha, madarasa yakabaki na watoto wachache, na wilaya ikaamua kuifunga shule ya Caney Gap na kuwapeleka watoto ng'ambo ya mlima kwa basi. Delphia alizipata habari hizo akiwa amebakiza muhula mmoja wa shahada yake. Alikuwa akiosha masufuria. Aliendelea kuyaosha hata yaliyokuwa safi.

Burl, miaka yote hiyo, alikuwa mtu anayelipa dhambi. Alichukua zamu za ziada bila kuombwa. Alijifunza kupika, akaunguza mno, akapata ujuzi. Delphia akisema amechoka, yeye alisema, "Kosa langu hilo, Mama Leatha," kwa mzaha nusu, na yeye Delphia alikuwa akimwambia acha hayo. Hakuwahi kumwambia zaidi ya acha hayo. Mara nyingine, mtu huyo akiwa amelala na viatu miguuni, alimtazama na kuahidi moyoni kwamba kesho atasema. Lakini neno lililolala sana huota mizizi. Kadiri siku zilivyopita ndivyo lilivyozidi kuwa gumu kulieleza bila kueleza pia kwa nini halikusemwa jana.

Alihitimu Mei moja yenye upepo, Leatha akiwa amemzidi urefu. Shule moja ya Wendover ilimwajiri kufundisha darasa la kwanza kuanzia Agosti. Kiangazi hicho wakateremka Caney Gap kumsalimu Bi Orlena, ambaye magoti yalimzuia kuja kwenye mahafali.

Mzee yule aliwapikia kila kitu. Maharage na nyama ya nguruwe, mkate wa mahindi, viazi, vitunguu vibichi, keki ya matofaa yaliyokaushwa. Walikula milango ikiwa wazi. Burl alikuwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo, akasimulia jinsi mkewe alivyopanda jukwaani, akasema, "Ingekuwa mapema zaidi kama si mimi kumkokota kabla ya wakati. Lakini tungefanyaje, hakukuwa na pa kukaa."

Bi Orlena alikuwa akimpakulia Leatha. "Hakukuwa na pa kukaa wapi?" alisema. "Chumba chako si kilikuwepo? Nilimwambia wakae hapa hadi Mei."

Alisema vile bila hila. Alidhani mwanawe anajua.

Burl aliweka uma mezani. Alimtazama mama yake, kisha mkewe. "Ulimwambia lini?"

"Kabla hawajahama."

Leatha, aliyekuwa na akili za kutosha, alichukua sahani yake akaenda kula barazani.

"Ni kweli?" Burl aliuliza.

"Ni kweli."

"Nilikuuliza kwenye simu. Ukasema hakuna njia."

"Nilisema hivyo."

Burl alisukuma sahani yake kando. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini, na Delphia angependelea apaze. "Nimejilaumu kila siku niliyoamka kwenda kile kiwanda. Kila siku. Nawe unanitazama."

Delphia alisema tu kwamba aliona haya, kwanza kukaa kwa Mama, halafu kukiri kwamba alikataa. Burl aliinuka, akashukuru kwa chakula kama mgeni, akatoka uani. Punde wakasikia shoka likipasua kuni, katikati ya kiangazi.

Wanawake wale wawili waliondoa vyombo. Baadaye Orlena alileta beseni la maharage mabichi, wakaketi kuyaondoa nyuzi, kila mmoja na lundo lake. Shoka lilikuwa halijanyamaza.

"Sikujua kama hakujua," Orlena alisema.

"Si kosa lako, Mama."

"Ulikataa kwa sababu ya maneno yale ya garini."

Delphia aliitikia kwa kichwa.

Orlena alivunja maharage kadhaa kabla ya kuendelea. Alisema siku ile, Delphia aliposimama na kumsema Hobart, yeye alimwona mumewe mwenyewe pale mbele, akamwona waziwazi, na hakuwa amejiandaa. Alisema alipotoka alitaka kumpiga mtu, na aliyekuwa karibu ni mkwewe. "Ilikuwa hotuba nzuri," alisema. "Ndiyo maana."

"Ningekaa hapa tungegombana," Delphia alisema.

"Tungegombana kila siku."

"Lakini ningemaliza."

"Ungemaliza," Orlena alikubali. Akatazama nje, bondeni, mahali paa la shule lilipokuwa linaonekana kati ya miti. "Mimi nami nilikuomba mara moja tu. Nilijua umekasirika, nikajua utakataa, nikaja nikasema ili niwe nimesema. Ningerudi siku ya pili ungekuja. Nilipofika nyumbani nilitandika kile kitanda. Nikakaa nikiwaza nirudi, nisirudi. Nikasema, mimi ndiye mkubwa, kwa nini nibembeleze?"

Delphia aliweka mkono wake juu ya mkono wa mama mkwe wake, uliokuwa umelowa na una nyuzi za maharage, na Orlena akauacha ukae kidogo, kisha akasema beseni bado limejaa.

Walirudi Wendover siku ya tatu. Burl hakuwa mtu wa kununa. Alizungumza na Leatha njiani, alimpa mkewe kahawa, alimuuliza kama anasikia baridi ya kiyoyozi. Lakini mzaha wake wa "kosa langu hilo" haukusikika tena, na Delphia, aliyeuchukia miaka yote, alijikuta akiusubiri. Zamu za ziada aliziacha. Jioni alikwenda kuvua samaki na binamu yake, akarudi giza likiingia, akaosha mikono na kulala. Delphia alimwomba msamaha mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, kwa kuwa alikuwa amejifunza kwamba mara moja haitoshi. Burl alisema amesikia. Alisema ampe muda.

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, Delphia alikuwa akipakia maboksi ya vitabu vya watoto garini, vingine vizito, mgongo ukimlalamikia. Burl alitoka ndani akiwa na nguo za kazini. Alimwondolea boksi mikononi, akaingiza yote, akaendesha hadi shuleni bila kusema neno. Darasa lilikuwa na zulia jipya na madirisha makubwa yanayotazama uwanja wa michezo. Delphia hakuwa akimjua hata mtoto mmoja kati ya wale ambao majina yao yalikuwa yamebandikwa mezani. Alipita akiyasoma moja moja kwa sauti ndogo, akijaribu kuyazoea.

Burl alisimama mlangoni na boksi la mwisho kifuani.

"Hili niliweke wapi, Mwalimu?" aliuliza.

Alimwonyesha chini ya dirisha. Burl akaliweka pale, akalisogeza kwa mguu likae sawa na mengine, akatazama saa yake, akaenda kazini.